Corolla 110 kuukuu: anza kwa kurudisha kilichotolewa

Gari langu ni Toyota Corolla, lile umbo tunaloliita 110, namba B, injini 5A-FE ya cc 1,498, gia oto. Naishi Mafinga, nauza mbao. Gari hili ndilo hunifikisha kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill kukagua mzigo, ndilo hunipeleka Iringa benki, na mara tatu nne kwa mwaka tunashuka nalo mlima wa Kitonga kwenda Dar es Salaam na kupanda tena. Ninalo tangu 2014 na hedi ya injini yake, kile kichwa cha juu, haijafunguliwa hata mara moja. Naandika kwa ajili ya mtu aliyenunua gari la umri huu, au anayetaka kulinunua, na kila anayemuuliza anamjibu, "Huo ni mkweche, utakutesa."

Utakutesa kweli kama utaupokea ulivyo na kuanza safari. Corolla 110 zilitoka Japani kati ya 1995 na 2000, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imeshapita mikono mingi. Na kila mkono umetoa kitu. Mmoja alitoa themostati. Mwingine alikata waya wa feni akaufunga moja kwa moja. Wa tatu alichomoa balbu ya taa ya injini kwenye dashibodi ili mnunuzi asiione ikiwaka. Wa nne alitupa kava la chini kwa sababu linachelewesha kumwaga oili. Gari likifika kwako linaonekana zima, linawaka, linatembea, lakini nusu ya ulinzi aliouweka mtengenezaji haupo. Ndiyo maana nasema: kabla ya tairi mpya, kabla ya redio, kabla ya rangi, tafuta kilichotolewa ukirudishe.

Mimi nililijua hili Kitonga. Ilikuwa mwaka wa kwanza nalo, tunarudi kutoka Dar, mama yangu mzazi amekaa nyuma na mizigo. Malori yalikuwa yamepanga foleni, tunapanda mwendo wa mtu anayetembea. Nikaangalia dashibodi, mshale wa joto umeshapita nusu, na kabla sijamaliza kona iliyofuata ukawa umegusa juu. Nikaegesha pembeni, mvuke unatoka chini ya boneti. Nilishika kitambaa nifungue kofia ya rejeta. Utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu akaja anakimbia: "Dada, usifungue! Itakubabua uso!" Alinizuia kwa mkono. Tulisubiri karibu saa nzima hadi rejeta ikashikika kwa kiganja, ndipo tukafungua na kuongeza maji polepole.

Kijana yule ndiye aliyegundua kwamba feni haizunguki kabisa. Akafuata waya kwa kidole, ukapita kwenye tundu la ukuta wa injini, ukaishia chini ya usukani kwenye swichi ndogo nyeusi ya taa ya nyumbani. Mwenye gari wa zamani alikuwa anawasha feni kwa mkono, na hakuniambia. Kesho yake Iringa fundi akafungua nyumba ya themostati, ndani mtupu. Akaniambia, "Mama, hizo huwa tunazitoa, ni za nchi za baridi." Nikamuuliza, "Fundi, na Mafinga asubuhi ya Julai ni wapi?"

Maji kwanza

Nitakaa hapa muda mrefu kuliko pengine popote, kwa sababu magari mengi ya umri huu niliyoyaona yakifa yamekufa kwa joto.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafunga, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto haraka. Yakifika nyuzi 82 hivi unaanza kufunguka, maji yanaenda kwenye rejeta. Ukiutoa, asubuhi injini inatembea baridi kilomita nyingi, inakunywa petroli zaidi na oili inachafuka upesi. Na jambo ambalo mafundi wengi hawaamini: kwenye injini hizi za Toyota themostati ikifunguka huwa pia inaziba njia ya mkato ambayo maji ya moto huipita bila kwenda rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi muda wote. Mlimani, pale unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, sehemu ya maji inarudi kwenye injini ikiwa ya moto vilevile. Kwa hiyo kuitoa hakulisaidii gari linalochemsha, kunaliumiza.

Unaponunua mpya, ipime nyumbani kabla haijafungwa. Mimi naifunga uzi, naining'iniza kwenye sufuria ya maji jikoni bila kugusa chini, nawasha moto. Maji yakiwa vuguvugu lazima iwe imefunga kabisa. Vipovu vidogo vinapoanza kupanda kutoka chini ya sufuria, utaona kile kisahani cha shaba kinaanza kusogea taratibu kama jicho linalofumbuka. Huku kwetu juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo hadi yanatokota inatakiwa iwe imefunguka vizuri. Isiyofunguka, au inayofunguka nusu, irudishe dukani siku hiyohiyo. Wakati wa kuifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza pembeni mwake kikae juu, ndiyo njia ya hewa kutoka.

Feni nayo irudi kwenye mfumo wake. Ina swichi ya joto, mwombe fundi umeme akuonyeshe ilipo. Toyota waliipanga kwa busara: swichi ile ikikatika waya, feni inazunguka muda wote, haizimi. Hivyo kipimo chake ni rahisi. Fungua ufunguo hadi ON bila kuwasha injini, chomoa soketi ya swichi hiyo. Feni ikizunguka, mota, rilei (swichi ya umeme inayoiwashia feni) na fyuzi ni nzima, na kama huwa haiwaki gari likipata joto basi tatizo ni swichi. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei, kisha mota yenyewe. Lakini usikubali swichi ya kuwasha kwa mkono. Siku utakayomwazima shemeji yako gari hatajua, kama mimi sikujua.

Kofia ya rejeta ni kitu kidogo kinachodharauliwa. Kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu, inashikilia shinikizo, na maji yaliyobanwa hayachemki mapema. Raba yake ikikauka au springi ikilegea, maji yako yanachemka kwenye joto ambalo kwa kawaida yasingechemka, na huku milimani ndiyo mapema zaidi. Angalia namba iliyoandikwa juu, 0.9 au 1.1, nunua yenye namba ileile. Na weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, usiweke maji ya bomba matupu. Hedi ya injini hii ni aluminiamu, bloku ni chuma, maji matupu yanaila na kuacha ule uji wa kahawia unaoziba rejeta. Ukikuta uji huo, zungusha maji safi na kuyamwaga mpaka yatoke meupe, ndipo ujaze. Nilifanya hivyo mara nne.

Neno la mwisho kuhusu maji. Kwenye 5A pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa nje, uleule unaozungusha alteneta, mashine inayochaji betri. Maana yake taa ya betri ikiwaka ghafla ukiwa barabarani, usiseme "nitafika, betri ina moto wa kutosha". Inawezekana mkanda umekatika na maji yamesimama. Simama hapohapo, fungua boneti, uangalie. Mimi nina mkanda wa akiba kwenye buti, umefungwa gazeti, pamoja na spana zake.

Oili

Oili nabadilisha kila kilomita 5,000 na filta yake kila mara. Hapa kosa si kutoa, ni kuzidisha. Injini hii inaingia lita tatu hivi. Oili inauzwa galoni la lita nne, na nimeona kwa macho yangu fundi akimimina galoni zima kwa nia njema kabisa, mteja asije akasema ameibiwa. Oili ikizidi inapigwa na kranki, ile ekseli kuu inayozunguka chini ya injini, inatoa povu, na inatafuta pa kutokea kwenye sili. Mwaga, funga nati ya chini kwa spana ya 14 ukiiwekea pete mpya ya kuzuia kuvuja (washa), weka lita mbili na nusu, washa injini dakika moja, zima, subiri, soma stiki, kisha ongeza kidogo kidogo hadi alama ya juu. Kinachobaki ni chako, kiweke kwenye buti.

Gari la umri huu kula oili kiasi ni kawaida, lakini ujue kiasi gani. Soma stiki kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali pa tambarare, uandike. Utajua baada ya miezi miwili kama linakula au linavuja au vyote viwili.

Kuvuja kwake kunakojulikana sana ni juu, kwenye gasketi ya tapeti kava, lile kava la juu la injini. Kuna raba nne za duara zinazozunguka matundu ya plagi. Zikikauka, oili inashuka kwenye tundu, inazamisha plagi, gari linaanza kumisi. Chomoa waya wa plagi, ukitoka na oili kwenye ncha, usinunue plagi wala koili. Nunua seti ya gasketi: ile kubwa ya kuzunguka, zile nne za duara, na raba za chini ya nati za kava. Silikoni paka kidogo tu kwenye kona zile ambapo kava linakutana na mabega ya ekseli za valvu. Mafundi wanaopaka kuzunguka kote wanadhani wanakusaidia, lakini inayominywa kwenda ndani inakatika vipande, na vipande vinashuka kwenye chujio la oili. Ukiwa hapo, toa ile valvu ndogo ya hewa iliyochomekwa kwenye kava, itikise sikioni. Isipolia, imeziba, na pumzi ya injini ikikosa njia inasukuma gasketi mpya zivuje tena.

Waya za plagi toa mmoja, rudisha, kisha toa mwingine. Ukizichomoa zote kwa mpigo na hukumbuki mpangilio, gari haliwaki. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na silinda namba moja ni ile ya upande wa mikanda. Kwa kufungulia plagi tumia boksi ya 16 yenye raba ndani.

Mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaozungusha ekseli za valvu, sitausemea sana: kilomita 100,000. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika kwenye 5A kwa kawaida valvu hazipindi, gari linazima tu, lakini kuzima katikati ya hifadhi ya Mikumi saa mbili usiku si jambo la kubahatisha. Badilisha na beringi yake ya kukazia, na sili za mbele zikiwa zinatoka jasho zibadilishwe wakati huohuo.

Taa ya injini na kipande cha waya

Fungua ufunguo hadi ON. Taa yenye picha ya injini lazima iwake, kisha izime ukishawasha gari. Kama haiwaki kabisa, balbu imetolewa au imeungua. Hiki ndicho kitu cha kwanza ninachoangalia mtu akiniomba nimsindikize kununua gari, kabla hata ya kufungua boneti. Muuzaji anayeficha taa hiyo anaficha na mengine. Kwenye gari langu haikuwepo. Balbu ni ya bei ya soda, kazi ni kufungua dashibodi.

Ikisharudi, una mashine ya kupimia gari bila kumlipa mtu. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Nyuma ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Gari likiwa limezimwa, tafuta tundu TE1 na tundu E1, yaunganishe kwa kipande kifupi cha waya. Angalia ramani mara mbili, usiguse lile la B+, hilo lina moto. Zima ea kondisheni, gia iwe P, fungua ufunguo hadi ON bila kuwasha. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa harakaharaka kwa mwendo mmoja bila kupumzika, hakuna kosa lililorekodiwa. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: mbili, pumziko, mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Mbili, pumziko, nne ni sensa ya joto la hewa. Tatu na moja ni sensa ya mvuto wa hewa kwenye manifoldi. Nne na moja ni sensa ya mlango wa hewa, ile inayofuata pedali. Nne na mbili ni sensa ya spidi. Andika, ondoa waya, rudisha mfuniko.

Julai moja gari langu lilikataa kuwaka asubuhi. Nazungusha stata mpaka betri inachoka, lakini likishapata jua saa nne linawaka kama jipya. Fundi mmoja akaniambia boksi la kompyuta limekufa, nitafute jingine la mtumba. Nikarudi nyumbani nikaweka waya wangu. Mbili, pumziko, mbili. Nikafuata sensa ya joto la maji hadi kwenye soketi yake: panya alikuwa ameguguna waya mmoja, umebaki uzi. Kumbe kompyuta ikikosa habari ya joto inachukulia kwamba injini imeshapata moto, kwa hiyo asubuhi ya baridi inamimina petroli kidogo kuliko inayohitajika. Niliunga waya, nikafunga vizuri kwa tepu, nikachomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa dakika moja ili kumbukumbu ifutike. Sijalipia kompyuta hadi leo.

Mara nyingine ugumu wa kuwaka unatokana na waya wa ethi, ule wa kutoka injini kwenda bodi. Unafunguliwa gia boksi ikishushwa, haurudishwi, na stata inazunguka kwa uzito kana kwamba betri ni mbovu. Kabla ya betri mpya, uangalie.

Kushuka na kusimama

Kupanda Kitonga unajifunza maji, kushuka unajifunza breki. Harufu ile ya breki zilizoungua kwenye kona za chini kila anayepita anaijua. Kwenye gia oto ya 110 kuna kitufe pembeni ya lever, O/D, cha kuzuia gia ya juu kabisa. Kibonyeze, taa ya O/D OFF iwake, na mteremko ukiwa mkali shusha gia hadi 2. Injini itavuma, iache ivume, ndiyo inayolishika gari. Breki unagusa na kuachia, hukanyagi mfululizo.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani. Yenye maji ndani yanachemka, na yakichemka pedali inazama hadi chini ukiwa huna la kufanya. Mimi namwaga yote kila miaka miwili nikiweka DOT 3, hata kama yanaonekana masafi. Breki za nyuma za gari langu ni za ngoma, na humo ndimo nilikuta kingine kilichotolewa: zile springi na kijiti cha kujirekebisha zenyewe. Dalili yake ni hendbreki kupanda juu mno, zaidi ya vidoko tisa, huku mafundi wakikaza kebo tu. Nilinunua seti nzima ya springi, sasa nikivuta hendbreki inashika kwenye vidoko sita.

Oili ya gia boksi pima ikiwa imepata moto, injini inawaka, lever umeipitisha gia zote taratibu na kuirudisha P. Isome kwenye alama za HOT. Inatakiwa iwe nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, mwaga na ujaze aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usikubali kuchanganyiwa kilichopo dukani. Na gari likiharibika usilivute magurudumu ya mbele yakiwa yanazunguka chini mwendo mrefu, utaua gia boksi iliyokuwa nzima. Lipandishwe.

Miguu ya gari ni suala la raba. Raba ya sivi jointi, ile jointi ya ekseli inayozungusha gurudumu la mbele, ikichanika, grisi inaruka, vumbi la barabara za msituni linaingia, na baada ya muda ukikata kona unasikia tak-tak-tak. Ukiiwahi raba, jointi inabaki. Kila nikioshewa gari nainama na tochi kuangalia raba zote nne, na bushi za arm, na shokapu kama zina oili. Linki za stabilaiza zikigonga kwenye matuta badilisha mbili pamoja. Tairi, soma stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ina Kijapani lakini namba ni zilezile, na 2.2 ni sawa na psi 31 au 32. Kwenye tairi yenyewe tafuta tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi "mpya" yenye miaka saba dukani iache palepale.

Na kava la chini pamoja na zile plastiki za ndani ya matairi, vitafute. Vyangu nilivipata vya mtumba kwa shida, nikavifunga kwa vishikizo vipya. Tangu hapo mikanda hailii mvua ikinyesha na alteneta haijai matope.

Kununua spea bila kurudi mara mbili

Usiende dukani ukasema "ya Corolla 110". Kuna kibati kwenye ukuta wa injini, kipige picha. Langu linaanza na AE110. Lenye injini ya 1.3 ni EE111, la 1.6 ni AE111, la magurudumu manne ni AE114, la dizeli ni CE110, na vitu vingi haviingiliani ingawa kwa nje yanafanana kama mapacha. Nikienda Kariakoo, Gerezani, naenda na picha hiyo na kile cha zamani mkononi kimefungwa kwenye mfuko. Naviweka sambamba kaunta, nahesabu meno, matundu, urefu, ndipo natoa hela.

Cha mtumba na kipya vina mahali pake. Plastiki, vioo, mlango, mota ya dirisha, nyumba ya taa, nachukua mtumba bila wasiwasi. Mikanda, sili, themostati, raba za breki, pedi, sensa ya joto na paipu za maji, nanunua vipya na vizuri hata kama itabidi nisubiri mwisho wa mwezi. Paipu ya rejeta ya bei rahisi ikipasuka Ruaha Mbuyuni, hiyo nafuu uliyoipata haitakusaidia.

Kuhusu fundi, mzee ninayemtumia Kinyanambo nilimchagua kwa jambo moja. Mara ya kwanza nilipompelekea gari alifungua kitu na boliti zake akazipanga kwenye kipande cha boksi alichokichora umbo la sehemu ile, kila boliti kwenye tundu lake. Alipomaliza, boksi lilikuwa tupu. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo tena." Mafundi wa hivyo wapo, watafute kwa kuangalia sakafu ya gereji, si bango lake.

Daftari langu ni la shule, kurasa 96, linakaa kwenye droo ya dashibodi. Tarehe, kilomita, kilichofanyika, kilichonunuliwa wapi. Ukurasa wa kwanza nimeandika orodha ya vilivyokuwa vimetolewa siku niliponunua gari, kumi na moja kwa jumla: themostati, swichi ya feni, balbu ya taa ya injini, kava la chini, plastiki mbili za matairi ya mbele, waya wa ethi, springi za breki za nyuma, klipu za nyumba ya filta ya hewa, kofia ya tangi la maji ya vaipa, raba ya kuzibia tundu la waya ukutani na mkono wa kushikilia betri. Kumi nimeshavikata kwa kalamu nyekundu. Kilichobaki ni klipu za filta ya hewa, kwa sasa nimefunga kwa mpira wa tyubu, na vumbi la Sao Hill halisubiri, kwa hiyo safari ijayo ya Dar ndicho kitu cha kwanza nitakachotafuta.